Shangazi wa Mheshimiwa

Kazi yangu ni kusema maneno ya watu wengine, na nawaambieni mapema, ni kazi inayotaka mtu asiye na kiherehere, na mimi kiherehere ninacho tele. Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Mtu anaongea kwa mdomo, mimi nageuza kwa mikono, viziwi wanaona. Akisema "mimi nina njaa," mikono yangu inasema mimi nina njaa, hata kama nimetoka kushiba sasa hivi. Akitukana, natukana. Mwalimu wetu alikuwa akituambia kila asubuhi: wewe hapo mbele haupo, na siku utakayoanza kuwepo, umeharibu.

Basi mimi niliharibu. Niliharibu mchana kweupe, mbele ya umati, na baada ya hapo marehemu mama yangu akaanza kunitokea. Hakuja ndotoni wala gizani. Nilimwona saa za kazi, amekaa. Naingia benki, yumo kwenye viti vya kusubiri, kanipa mgongo. Napita stendi, yuko kwenye benchi na kitambaa chake cha kichwa kile kile. Nikisogea, ni mama wa watu kabisa, ananishangaa. Nilipowasimulia majirani wakasema ni uchovu. Uchovu gani unaojifunga kitambaa kichwani?

Ngoja niwaeleze mama huyo, la sivyo hamtanielewa. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, fundi cherehani wa mashuka na mapazia. Mimi mwanawe wa kwanza nasikia, mdogo wangu wa kike hasikii. Nyumbani kwetu kelele pekee ilikuwa cherehani. Miaka minne iliyopita mama aliamka na maumivu ya tumbo, akaenda hospitali peke yake, kwa sababu mimi binti yake nilikuwa na kazi. Kazi yenyewe, sikilizeni mcheke, ilikuwa semina ya haki ya viziwi kupata matibabu. Nilikuwa nimesimama mbele ya mabwana wenye suti, natafsiri mada.

Mama alitoa kadi dirishani, akaoneshwa benchi. Akakaa. Muuguzi akatoa kichwa mlangoni akaita jina lake, akaita tena, akaita mara ya tatu, halafu akaliweka faili chini ya mafaili mengine. Mama alikuwa hatua nne kutoka mlango ule. Hatua nne, nilikuja kuzipima mwenyewe kwa miguu yangu. Saa kumi jioni mfagiaji ndiye aliyegundua kwamba yule mama wa kwenye benchi haamki. Kwenye faili waliandika: ameitwa mara tatu, hakuitika.

Hakuacha neno. Asubuhi ile aliniambia tu nikirudi nimnunulie uzi mweupe.

Sasa mwaka huu, kampeni zilipoanza, mdogo wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe naye ni kiziwi, seremala, mtu mwema asiye na makuu. Kliniki wakampima wakasema mtoto amekaa vibaya, ametanguliza makalio, na yeye asithubutu kujifungulia nyumbani. Nilimtafsiria maneno hayo mimi mwenyewe, neno kwa neno. Akanitazama, akajibu kwa mikono ya taratibu kabisa, kama mtu anayekunja nguo.

"Nitazaa nyumbani. Kule siendi kukaa benchi lile."

"Nitakuwa na wewe."

"Siku ile ulikuwa na nani?"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikamnunia siku tatu. Hakubadilika. Alisema kitu kimoja tu: siku watakapoweka pale mtu anayejua mikono, mchana na usiku, ataenda. Vinginevyo aachwe afe kitandani kwake, angalau dari ya pale anaijua.

Na hapo ndipo alipoingia mgombea, akanikodi nimtafsirie mikutano yake.

Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti. Sauti ile, jamani! Hata akikuomba maji ya kunywa unaona kama amekufikiria wewe tu tangu asubuhi. Sera zake nilizijua kwa moyo kwa sababu nilizisema mara nyingi kuliko yeye, maana yeye alipumzika na mimi nikaendelea kuwajibu watu maswali. Ushuru wa vibanda vya mafundi utafutwa. Vijana na wenye ulemavu watakopeshwa vifaa vya kazi. Chakula cha mchana shuleni. Na katika kila hospitali, wakalimani wa lugha ya alama, zamu zote. Mpinzani wake, aliyekuwa anatetea kiti, hakuwahi hata kututengea viti mkutanoni. Kwa hiyo kama ni ahadi, ilikuwa moja tu sokoni.

Viziwi hawaisikii sauti, wanaangalia. Kila mtu wanampa jina la mkono kutokana na jambo waliloliona kwake. Langu mimi ni Mdomo, na sina haki ya kulalamika. Yeye walimbatiza siku ya kwanza. Mdogo wangu ndiye aliyeanza.

"Umemwona? Kila akikaribia kusema jambo la huzuni, anafungua kifungo cha mkono wa shati."

"Labda anasikia joto."

"Joto linalokuja kwenye huzuni tu?"

Ikawa hivyo, Kifungo. Walicheka sana, lakini nami nikaanza kumtazama, na kweli, kifungo kwanza, halafu sauti inashuka, halafu inatetemeka. Inatetemeka pale pale. Nilitafsiri mikutano kumi na moja, na sauti ile haikuwahi kukosea kituo.

Kosa langu la kwanza nililifanya garini. Tulikuwa tunatoka mkutano wa saba, katibu wake kakaa nami nyuma, mama mmoja mwenye daftari lisilomtoka mkononi. Akaniuliza, kwa upole tu, kwa nini nimeichagua kazi hii. Mheshimiwa alikuwa kiti cha mbele, kichwa kimeegemea kioo, macho yamefumbwa. Nikajua amelala. Nikamwaga yote: cherehani, benchi, hatua nne, mfagiaji, na mdogo wangu na tumbo lake. Katibu alisema pole. Sikumwona akiandika, lakini mimi nilikuwa naangalia nje.

Mkutano wa kumi na mbili ulikuwa kwetu, kwenye uwanja wa shule, saa tisa alasiri. Mbele kushoto waliwekwa viziwi, viti arobaini vya plastiki vyeupe, na vyote vilijaa isipokuwa kimoja. Mdogo wangu alikaa safu ya kwanza, miguu kaitanua, mikono juu ya tumbo. Mheshimiwa akamaliza habari za ushuru, watu wakashangilia. Kisha mkono wake wa kulia ukaenda kwenye kifungo.

"Ndugu zangu, mimi nilikuwa na shangazi."

Nikatafsiri. Mimi nilikuwa na shangazi.

"Dada yake baba yangu. Hakusikia tangu utotoni. Alikuwa fundi cherehani."

Nikatafsiri hilo pia. Nikajiambia mafundi cherehani ni wengi duniani.

"Siku moja aliumwa, akaenda hospitali peke yake. Wakamwita kwa mdomo, yeye asiyesikia! Alikuwa amekaa hatua nne kutoka mlangoni."

Hatua nne. Hatua zangu zile, nilizozipima kwa miguu yangu huku walinzi wananicheka. Nilitaka kugeuka nimshike ile tai nimnyonge nayo mbele ya wapiga kura wake. Lakini mkalimani haachi sentensi ikining'inia, ndivyo tulivyofunzwa, nikainua mikono kusema "shangazi yangu alikuwa hatua nne." Na mikono ikakataa. Ikasema mama yangu. Halafu, sijui niwaambieje, vidole vyangu viwili vikaenda kifuani vikachomoa sindano hewani. Hilo ndilo lilikuwa jina la mama kwa mikono, kwa sababu daima alichomeka sindano kwenye ukosi wa gauni. Hakuna kiziwi wa mji ule ambaye mama hakumshonea kitu. Wote walimjua.

Nyuma yao umati mzima ulikuwa unalia na kupiga makofi. Viziwi wakishangilia huinua mikono na kuitikisa. Siku ile mikono yao ilikaa mapajani, kimya. Thelathini na tisa walikuwa wananitazama mimi, hawamtazami yeye. Na kwenye kile kiti cha arobaini alikuwepo mtu, kanipa mgongo, kitambaa kichwani. Niliendelea kutafsiri hadi mwisho. Sikumbuki hata neno moja.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani mdogo wangu alisimama nusu ya njia anifanyie mzaha, maana ndivyo alivyo akiumia.

"Kumbe babu alikuwa na mke mwingine? Mheshimiwa ni ndugu yetu, na sisi tunahangaika na maisha haya?"

Nilicheka hadi nikalia. Yeye hakulia. Aliniuliza tu kama Kifungo alimwibia mama au kama mimi ndiye niliyemuuza.

Kesho yake tuliitwa saluni kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti wa chama cha viziwi ni msusi, mwanamke mwenye mwili wake na utani wake, na kibanda chake kilikuwa kimefungwa mara mbili mwaka ule kwa sababu ya ushuru. Walikuja kama kumi na watano, wakajibanza kati ya vioo na madumu ya maji. Ukikaa saluni na viziwi kumi na watano na vioo vinne, mikono inakuwa mia. Kizunguzungu kilinishika.

"Mikono yako jana ilikuwa na kigugumizi," Mwenyekiti alisema.

"Nisameheni."

"Hatujakuita kukusamehe. Tunataka kujua jambo moja. Ya shangazi ni uongo, tumeshaona. Je, ya ushuru? Ya hospitali? Ni uongo pia?"

"Mnaniuliza mimi? Ninyi ndio mnaoona. Mimi siku zote nimewategemea ninyi. Ninyi mnamjua mwongo kwa kumwangalia miguu."

Wakatazamana. Mwenyekiti akaweka kitana chini.

"Sisi tunaona kifungo tu," alisema. "Mtu anaweza kufungua kifungo kwa sababu analia kweli. Tulikuwa tunakutegemea wewe. Watu wanaosikia husema ukweli unasikika kwenye sauti. Sauti yake ikoje?"

Miaka yote hiyo mimi nilidhani wao wana jicho la kuuona uongo, nao wakadhani mimi nina sikio la kuusikia, na kila upande ulilala usingizi ukijua mwenzake yuko macho. Niliwajibu kwamba sauti yake ni nzuri. Walinitazama wote kwa pamoja, wakingoja niendelee.

"Mkutano wa mwisho ni Jumamosi," Mwenyekiti alisema. "Muulize. Halafu Jumamosi utatuambia. Utakavyosema ndivyo tutakavyopiga, na ndugu zetu nyumbani nao watatufuata."

Mdogo wangu alikuwa amekaa chini ya kile kifaa cha kukaushia nywele, kimezimwa, kama mtu aliyevaa kofia ya chuma. Uso wake ulikuwa umevimba, na miguu pia. Ilibaki wiki nne.

Nilimkuta mheshimiwa ofisini kwake asubuhi, kwenye lililokuwa duka la samani. Mabango yalikuwa yamerundikwa hadi dirishani, nyuso zake mia mbili zikitabasamu upande mmoja. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Nikaingia, nikayasahau yote, nikasema:

"Yule ni mama yangu."

"Najua," alisema. "Kaa, dada."

"Sikai. Umemwiba mama yangu, umemfanya shangazi yako. Huna hata haya?"

Hakukasirika. Heri angekasirika. Alisukuma kikombe cha chai pembeni, akaniuliza kama ningependa amtaje mama kwa jina lake, anioneshe mimi kidole, umati wote unigeukie.

"Ningependa usimseme kabisa."

"Na wakalimani wa hospitali nao nisiwaseme? Nilikuwa nawasema mikutano kumi na moja, dada. Wewe ulikuwepo. Nani alisikiliza? Nilipoleta benchi, wakasikia. Na watu hawamlilii mama wa mkalimani. Wanamlilia shangazi wa mgombea."

"Kwa hiyo ulijifanya umelala garini."

"Sikujifanya. Nilifumba macho kwa sababu nilikuwa nalia, nikageukia kioo ili msinione."

"Ulilia kweli?"

"Nililia. Halafu nikiwa bado nalia nikafikiri, hii wataielewa."

Mtu mwongo namwelewa, nimetafsiri wengi. Huyu sikumwelewa. Nikamwuliza moja kwa moja, bila heshima wala nini: ukishinda, utawaweka wale wakalimani au hutawaweka? Nina mdogo wangu. Nina sababu ya kuuliza.

"Nikiwa jukwaani naamini kila neno," alisema. "Nakuapia. Nikishuka, mtu akiniuliza kama unavyoniuliza sasa, nakuwa sijui. Najitafuta sijioni. Wewe unaisikia sauti yangu kuliko hata mke wangu. Niambie wewe."

Na yeye pia! Kila mtu ananiuliza mimi! Nilitoka bila kuaga. Nyuso mia mbili zilinisindikiza hadi mlangoni, na nje, kwenye kiti cha mlinzi, kulikuwa na mama kanipa mgongo.

Mngeniuliza kwa nini sikuiacha kazi. Nilitaka. Lakini ningeacha, wangeleta mkalimani mwingine, au wasilete mtu, na mdogo wangu angebaki na kitanda chake na dari yake. Siku tano zile za kungoja Jumamosi alikuwa amekwisha anza kuchemsha vitambaa na kumwelekeza mumewe namna ya kumshika mtoto. Seremala wa watu alikuwa anapima mikono yake kama inatosha. Nilikaa nje ya mlango wao nikajiona sina maana duniani.

Jumamosi ikafika. Uwanja ule ule, viti vile vile, safari hii vyote arobaini vimejaa. Mwenyekiti alikuwa mbele, kavaa nguo ya sikukuu, macho yake yananing'ang'ania. Sheria ya kazi inasema haupo. Wao walitaka niwepo, siku moja tu, mara moja tu, niseme ndiyo au hapana.

Mheshimiwa alipofika kwenye kifungo nikajitayarisha. Nilikuwa nimeapa kwamba safari hii mikono itatii: shangazi, shangazi, shangazi. Na ilitii. Benchi, mlango, hatua nne, mfagiaji, vyote vikapita. Nikadhani tumemaliza. Kumbe kaongeza chumvi.

"Na mkononi mwake tulikuta karatasi," alisema. Sauti ikatetemeka, na haikuwa pale pale. Ilikuwa mahali papya. "Alikuwa ameandika: Wanangu, msiogope. Nendeni. Hakuna atakayekaa peke yake tena."

Hakukuwa na karatasi. Neno la mwisho la mama yangu lilikuwa uzi mweupe. Lakini mkalimani haachi sentensi ikining'inia, na mikono yangu ikaanza kuandika hewani karatasi ambayo haikuwahi kuwepo. Wanangu. Msiogope. Nilikuwa nayasema maneno ya mama, kwa mikono niliyoirithi kwake, na sitawaficha, nilihisi raha. Miaka minne nilikuwa nasubiri aniambie chochote. Sikujali aliyatoa wapi.

Nilipoteremsha mikono nilimwona mdogo wangu amesimama. Amesimama na tumbo lake katikati ya watu waliokaa, machozi yanamtiririka hadi shingoni, yeye ambaye hakulia hata makaburini. Mikono yake ilisema kwa nguvu, nyuma wakamwona hadi mwisho wa viti.

"Mama aliandika hivyo?"

Mheshimiwa alikuwa anaendelea kuongea. Sikumtafsiri. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliacha sentensi ya mtu hewani.

"Niambie," alisema mdogo wangu. "Usinitafsirie. Niambie. Mama aliandika hivyo?"

Viziwi wote walinigeukia. Nilijua vizuri sana nikisema hapana nini kitatokea. Mkutano wote utaona, Kifungo ameumbuka, kura zimekwenda, na ahadi pekee iliyokuwepo imekwenda nazo. Na hayo yote ningeyavumilia. Nisichoweza kukivumilia kilikuwa kile kitanda, na seremala na mikono yake, na mtoto anayekuja kwa makalio.

"Ndiyo," nilisema. "Aliandika."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa utaumia. Karatasi ilipotea hospitalini."

Angalieni uongo ulivyo mwepesi. Sikuwa nimefikiri hata kidogo, na karatasi ikapata mahali ilipopotelea. Mwenyekiti akainua kidole: na mengine je, ushuru, hospitali, sauti yake inasema kweli? Nikasema inasema kweli. Mikono themanini ikapanda juu ikatikisika, kama majani upepo ukipita. Nilitafuta kitambaa cha kichwa kati yao. Hakikuwepo kwenye kiti chochote, na sijamwona tena mama tangu saa ile. Nilidhani nitapumua. Badala yake nilisikia baridi, jua linawaka.

Kura nilimpigia yeye. Naona haya kusema, na nisingempigia ningeona haya vilevile. Alishinda kwa kura chache sana. Katibu alinipigia simu kunishukuru, akasema viziwi wameokoa jahazi.

Wiki mbili baadaye, saa tatu asubuhi, mdogo wangu alinigongea mlango akiwa kashikilia kiuno. Alikuwa amekwisha vaa viatu. "Twende," alisema, bila kubembelezwa, bila benchi kutajwa. Seremala alibeba mkoba nyuma yetu. Mapokezi niliuliza mkalimani wa zamu yuko wapi. Dada wa dirishani akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema wamesikia habari hizo redioni ila barua haijafika. Huenda mwakani. Huenda.

Mlango wa chumba cha uzazi muuguzi alinizuia kwa mkono. Ndugu wanasubiri nje. Nikamweleza kwamba mgonjwa hasikii. Akasema watamwonesha kwa vidole. Mdogo wangu alikuwa amenishika mkono, kucha zimenizama, anasoma midomo yetu kwa zamu, na niliona ile hofu ya zamani inaanza kupanda machoni mwake. Angegeuka. Najua angegeuka akarudi nyumbani.

"Mimi ni mkalimani wa mheshimiwa," nilisema.

Muuguzi akanitazama vizuri. "Yule wa shangazi? Ndiyo wewe! Ingia, ingia, dada. Poleni sana na shangazi yenu, mimi nililia siku ile."

"Ahsante," nilisema. "Tumeshapoa."

Nikaingia. Daktari aliangalia mara moja akasema ni upasuaji, sasa hivi. Nilitafsiri kila neno: pumua, usisukume, sindano hii itauma, hutasikia miguu. Walinivalisha gauni la kijani na kofia, wakaniacha nisimame kichwani pake, na yeye alinitazama mikono muda wote, hakutazama taa wala visu. Mtoto alikuwa na kitovu kimemzunguka shingoni mara mbili. Daktari alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema mvua itanyesha, kwamba nyumbani wangekufa wote wawili. Hilo sijalitafsiri hadi leo.

Ni msichana. Jioni walimlaza kifuani pa mama yake, na baba yake seremala akampima kwa kiganja, akaona kiganja kinatosha. Mdogo wangu alikuwa mweupe midomo, amechoka, lakini macho yake yalikuwa yanawaka. Alitoa mkono mmoja chini ya shuka.

"Mwambie mtoto," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Karatasi ya mama. Mwambie yote, aione na yeye."

Macho ya kichanga hayaoni mbali, nilijua, lakini mama yake alikuwa anaona kila kitu. Nikasogea karibu na kitanda nikainua mikono. Wanangu, msiogope. Nendeni. Hakuna atakayekaa peke yake tena. Nilipofika kwenye "peke yake" vidole vyangu vikatetemeka kidogo, vizuri kabisa, mahali panapofaa, na mdogo wangu akafumba macho kwa furaha.

Halafu akafumbua. "Hapo mwisho hakumtaja mjukuu?"

"Alimtaja," nilisema. "Ngoja nikuambie alivyomtaja."